Jasho Nililojisifia

Jumatatu, 7 Julai
Mashine tena. Muda wa saa nne nimelala, damu yasafishwa. Mwaka wa tatu huu tangu figo zife. Sista Mwende kanipandisha mizanini, kakuta maji kidogo mno mwilini. "Mama, wewe ndiye mfano hapa." Kichwa kikavimba. Wenzangu hunywa maji kwa kujificha, mimi hunyonya kipande cha barafu tu. Nyumbani kuna Nasra, mwana wa binti yangu Rukia. Ana siku mbili. Mjukuu wangu wa kwanza. Nimempakata mpaka mkono ukafa ganzi.

Alhamisi, 10 Julai
Kipupwe, watu wajifunika blanketi. Mimi naamka leso imelowa chapa. Alhamdulillahi. Mkojo umekatika siku nyingi, basi maji yamepata njia ya ngozi. Sikumwambia mtu. Nisije nikahusudiwa bure.

Jumapili, 13 Julai
Kikohozi. Rukia asema ni moshi wa udi. Chumba cha mzazi lazima kifukizwe, na mfukizaji ni mimi, Nasra begani. Chakula hakishuki.

Jumatatu, 14 Julai
Uzani umeshuka tena. Nikaringa. Sista Mwende hakucheka, akaniuliza: Mama, mbona mifupa yaonekana? Watokwa na jasho usiku? Nikamjibu kwa fahari. Akaweka kalamu chini. Barakoa, picha ya kifua, kikopo cha kutemea makohozi. Nimeudhika. Mtu mzima mimi natemeshwa mbele za watu.

Alhamisi, 17 Julai
TB. Daktari asema sisi ambao figo zimekufa mwili hauna nguvu ya kujikinga, kifua kikuu chatupata upesi kuliko wengine. Lile jasho ndilo ugonjwa wenyewe. Na zile kilo nilizojisifia zilikuwa nyama yangu. Maji, wapi! Mjinga mimi. Akauliza nyumbani naishi na nani. Nikasema, mtoto wa siku kumi na mbili. Nikalia.

Jumamosi, 19 Julai
Nasra kapimwa, hana. Hata hivyo yataka anyweshwe dawa ya kinga kila siku. Kitu kidogo kile, kwa sababu yangu. Nimehamia chumba cha juu, madirisha wazi. Rukia huniwekea chakula mlangoni, akashuka. Bora angenitukana. Namsikia mtoto akilia chini. Sitaki kitu kingine, nataka kumpakata siku ya arubaini yake.

Jumapili, 27 Julai
Vidonge. Kichefuchefu. Kesho mashine. Nimechoka. Nimechoka hata kuchoka.

Alhamisi, 14 Agosti
Arubaini leo. Asubuhi, baada ya mashine, mizani ilipanda nusu kilo. Nikaanza kuapa, wallahi sijanywa maji. Sista Mwende akacheka. "Hiyo ni nyama, mama." Makohozi yametoka safi, daktari ameniruhusu kumpakata mtoto. Nikavaa barakoa, nikakaa kando ya dirisha. Rukia akaja mwenyewe akanilaza Nasra mapajani. Wala hakuondoka. Mtoto mzito sasa, naye kaongeza. Nilikaa mpaka mkono ukafa ganzi. Sikuomba apokewe.