Fimbo Inayong'aa Nusu

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumai baridi ya huko haijakushinda. Hapa Mutuini tupo. Mguu wa mama yako umepona na ng'ombe amezaa.

Umeuliza kama upeleke ile fimbo ya gofu niliyokupa ikang'arishwe yote. Babu yako hakucheza gofu. Miaka ile baada ya uhuru, wachezaji walilalamika kwamba kromu, ule mpako unaong'aa, inawaumiza macho juani, basi wakamletea fimbo zao nyumbani azifubaze. Alinunua msasa River Road, akaketi mlangoni akisugua kuelekea upande mmoja tu, bila kurudisha mkono, mikwaruzo ikalala pamoja kama nywele zilizochanwa.

Kifua kilimbana akiwa amefika katikati ya hiyo fimbo uliyo nayo. Hatukurudi naye kutoka hospitali.

Baada ya mazishi, mwenye fimbo alikuja kutoka Parklands. Nikamwambia angoje niimalizie. Nilipitisha msasa mara moja, nikaona mikwaruzo yangu inaikata ya babu yako, kwa maana yeye alitumia mkono wa kushoto. Nikauweka msasa chini. Yule bwana akatazama, akasema, "Basi mama, kaa nayo."

Fundi wa huko asiiguse. Hapo inapoanza kung'aa ndipo mkono wa babu yako ulipoishia.

Nyanya yako