Vidole Viwili Nilivyokuongezea

Dar es Salaam

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua umeitikia kabla hujavaa miwani, na Mama ameitikia kutoka jikoni ingawa si yeye aliyesalimiwa, basi na yake hii hapa, shikamoo Mama. Poleni na kazi, poleni na mvua ambayo mdogo wangu Shija aliniandikia kuwa imeharibu njia ya kwenda sokoni. Kifua cha Mama kimetulia? Anakunywa ile dawa, au ameigeuza pambo la kabatini? Na wewe mgongo vipi, maana Shija anasema wiki nzima ulikuwa Kamanga umejikunja kwenye mitumbwi ya watu, unaandika majina. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na joto la huku nimelizoea kiasi kwamba asubuhi moja ya manyunyu nilitafuta sweta, wenzangu wakanicheka.

Mwili ni mzima ila moyo hauna raha, na barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilijaa habari za joto tu. Ya pili nilijitetea mpaka mwenyewe nikachoka kuisoma. Hii nitaimaliza, na nakuomba uisome peke yako kwanza. Tafadhali usiende nayo buchani kwa Mzee Maganga kama ulivyofanya na ile ya Pasaka.

Nianze na hiyo ya Pasaka, kwa sababu ilikuwa ya uongo. Nilikuandikia kwamba picha yangu ya kwanza hapa chuoni ilisifiwa na darasa zima. Ukanijibu kuwa umewasomea watu pale buchani mara mbili, na Mzee Maganga akasema tangu zamani alijua mtoto huyu atafika mbali. Baba, haikusifiwa. Nilichekwa, nikaenda kulia chooni, na jioni ileile nikanawa uso nikakuandikia zile sifa zote.

Nikueleze jinsi mambo ya hapa yanavyokwenda. Kila Ijumaa tunakosoana. Mnatundika kazi zenu ukutani, halafu mmoja mmoja anakaa kwenye kigoda mbele ya wenzake, na hana ruhusa ya kufungua mdomo mpaka wote wamalize kusema. Mwishoni Mwalimu anamuuliza swali moja, basi. Kwetu mtu akikuonyesha kazi yake unaanza na hongera, unazunguka weee, na kasoro pengine usiifikie kabisa ukaenda zako. Huku wanaanza na kasoro, na hongera inakuja kama nafasi imebaki. Ile picha yangu ya kwanza ilikuwa ya mama muuza sato wa sokoni Mkuyuni. Nilimpiga rangi ya kung'aa, nikamzungushia mpaka wa rangi mbili, nikamwekea na kivuli pembeni kama tunavyoweka kwenye herufi za vibao. Msichana mmoja anaitwa Frida, baba yake ni mwanasheria hapahapa mjini, akauliza hiyo saluni inafunguliwa saa ngapi, kana kwamba nimeleta kibao cha dukani. Hata mimi ningekuwa upande wao ningecheka.

Lakini nisiwaseme vibaya tu, maana wamenifundisha. Kuna kijana wa kutoka kusini, Hassani, mtoto wa mchonga vinyago, mpole, haongei mpaka asogee karibu na picha kana kwamba anainusa. Yeye ndiye aliyeniambia kuwa maji yangu ya ziwa ni bluu ya kwenye kopo. Niliudhika. Halafu nikakaa nikakumbuka zile asubuhi tulizokuwa tukivuka kwenda Kamanga, wewe umekumbatia makopo ya rangi yasimwagike, na kweli, Baba, ziwa letu saa ile lina rangi ya sufuria iliyosuguliwa. Miaka yote nimelitazama na sikuwahi kuliona. Tangu siku hiyo nikawa naogopa Ijumaa na papo hapo naisubiri.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mwezi uliopita Mwalimu alitutaka kila mmoja achore mtu akiwa kazini, na kwa sharti kwamba awe mtu anayemjua vizuri. Picha zitakazopita ndizo zitakazowekwa kwenye maonyesho ya kumaliza mwaka, na asiyekuwa na picha pale mwaka unamwendea vibaya. Sikufikiri mara mbili, nikakuchora wewe. Nilikuchora Kamanga, mtumbwi umelazwa ubavu juu ya mawe, wewe umechuchumaa unauandika jina, kisigino kimechomoka kwenye ndala. Nilifanya kazi ile wiki tatu. Kuna siku nilisahau hata kwenda kula.

Nilipofika kwenye mkono wako wa kulia nikasimama. Unakumbuka ulivyonifundisha ulipomchora Mzee Maganga kwenye kibao cha bucha? Nilikuambia mbona hukumwekea makengeza, ukanijibu kuwa mteja hachorwi alivyo, huchorwa anavyotamani kuwa. Na kweli siku ile alifurahi mpaka akatufungia maini. Mimi nimekua na sheria hiyo mkononi, kinyozi wa kibao hana chunusi na mama lishe wa kibao hana jino lililong'oka. Basi nikafanya kazi kama fundi vibao. Vile vidole viwili vilivyobaki kwenye mashine ya kuchambulia pamba kule Magu kabla sijazaliwa, nikakurudishia. Nikakuwekea cha shahada na cha kati, vizuri kabisa, na kucha zake. Nikajiambia ni heshima, mtoto hawezi kumwanika baba yake mbele ya watu.

Ijumaa ikafika, nikakaa kwenye kigoda. Wakaanza kusifia, na hii si ya Pasaka, Baba, hii ni kweli. Wakasifia yale maji ya rangi ya sufuria, wakasifia mawe, mmoja akasema kisigino kile kimempa baridi. Nikaanza kutabasamu peke yangu kama mjinga. Hapo Hassani akainuka, akasogea na ile pua yake.

"Vidole hivi viwili havifanyi kazi," akasema. "Bega limejikunja, kiwiko kimetoka nje, gumba limebeba mzigo wote. Mwenye vidole vitano hana haja ya kujipinda hivi."

Baba, sikuchora bega lile kwa makusudi. Mkono wangu ulilikumbuka wenyewe. Kumbe mwili mzima niliuchora wa kwako, na vidole peke yake ndivyo vilivyokuwa vya kibao, na kila mtu akishaonyeshwa anaona. Frida akamjibu Hassani kwamba yeye haoni ajabu, hawa wachora vibao wa mitaani hawakufundishwa na mtu, wanashika brashi kama jembe, na hata hivyo siku zao zimekwisha kwa kuwa sasa hapa mjini kuna mashine zinazokata herufi za plastiki, unabandika tu. Watu wakacheka. Frida hakusema kwa ubaya, nadhani, ni mdomo tu. Ndipo Mwalimu akaniuliza swali lake.

"Minza, huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Simjui. Ni fundi tu, nilimwona ufukweni."

Nimeandika kama nilivyosema, sikupunguza neno. Petro alimkana bwana wake akihofia roho yake. Mimi hakuna aliyeninyooshea hata kijiti. Niliogopa kuchekwa na mtoto wa mwanasheria. Mwalimu akasema kama simjui basi kazi haijatimiza sharti, picha haitapita, nirudi na mtu ninayemjua. Nikaitungua mbele ya wote, nikaibeba mpaka bwenini, nikaigeuzia ukutani. Kila nilipoingia chumbani niliona mgongo wa ile fremu na nilishindwa kukaa. Nilikuwa nakwenda kukaa nje kwenye ngazi, kwenye jua, watu wakiniuliza nina nini nasema kichwa.

Ijumaa iliyofuata niliirudisha ukutani. Nikakaa kwenye kigoda, na kabla mtu hajasema nikavunja sheria ya kunyamaza. Nikawaambia huyu ni baba yangu, anaishi Mkuyuni, Mwanza, ndiye aliyenifundisha kushika brashi, na vidole hivyo viwili hana, nimemwekea mimi. Halafu nikachukua kisu cha rangi nikavikwangua hapohapo, rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Mwalimu hakunikemea. Frida aliangalia viatu vyake, na baadaye alinifuata kuniomba radhi, nami nikamwambia mwenye kosa kubwa si yeye.

Nilidhani hapo nimemaliza. Kumbe Hassani alikuwa na swali, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Aliuliza, sasa brashi inakaa wapi? Nikachukua brashi, nikakunja vidole vyangu viwili, nikajaribu kuishika kama wewe. Ikaanguka. Nikajaribu tena, ikaanguka. Nikalazimika kusema sijui. Nimekaa ubavuni kwako tangu nikiwa darasa la kwanza, nimekuoshea brashi, nimekushikia uzi wa chaki wa kupigia mistari, na sijui. Ninajua unavyopumua ukifika kwenye kona ya herufi. Mkono wako siujui, kwa sababu sijawahi kuutazama. Nyumbani hakuna aliyeutazama. Mgeni akiutupia jicho Mama anamkatiza na chai, na sisi tulifinywa tukaambiwa hujafa hujaumbika. Tukaona kutotazama ndiyo adabu.

Lakini kwangu haikuwa adabu, Baba, na hili ndilo nililolikwepa kwenye zile barua mbili nilizochana. Nilipokuwa darasa la tano ulikuja shuleni kuchukua ripoti yangu. Nilikuwa wa tatu. Umevaa lile shati jeupe la kanisani, umefika hadi langoni, nami nikakukimbilia. Wewe ulidhani nakimbilia kukupokea. Nikakuambia, "Baba, weka mkono mfukoni." Hukuuliza kwa nini. Uliuweka, ukaipokea ripoti kwa mkono wa kushoto, ukamwomba mwalimu wangu radhi kwa kupokea kwa kushoto. Tukarudi nyumbani na njiani ukaninunulia muwa. Tangu siku ile sijaona umeutoa mfukoni kanisani, wala msibani, wala kwenye picha tuliyopiga ile Krismasi. Watu wanasema ni majivuno ya fundi. Mimi nilijua nani aliyeuweka huko, na nimenyamaza miaka yote hii.

Naona aibu, Baba. Kwa siku ile ya ripoti kuliko hata kwa ya darasani, maana ya darasani hukuisikia. Sina la kujitetea. Nisamehe kama unaweza, na kama inakuchukua muda, chukua muda.

Pale kwenye picha sasa pana doa tupu mahali pa mkono. Mwalimu amenipa hadi mwisho wa muhula. Wenzangu wamesema naweza kuufunika na kitambaa, au niuzamishe kwenye kopo la rangi, na Frida akajitolea kunitafutia mtu wa kukaa mbele yangu. Nimekataa yote. Naomba ruhusa yako niuchore kama ulivyo, watu wa Dar wautazame. Ukisema hapana ni hapana, picha nitaileta nyumbani na doa lake na mwaka huu nitaurudia, sitanung'unika. Ila unijibu wewe mwenyewe. Usimwachie Mama aniandikie kwa upole.

Nisalimie Bibi kule Magu, mwambie nimeacha kunyoa nywele kama alivyotaka. Shangazi Kabula, dada yako, mpe pole ya mguu. Mdogo wangu Shija mwambie ile kalamu aliyoniazima naikumbuka, na namshukuru kwa kuniandikia habari ambazo ninyi mnanificha. Mzee Maganga wa bucha mpe salamu tupu, za sifa sina. Mama mwambie nampenda, na dawa anywe.

Ndani ya bahasha nimeweka karatasi nyeupe, ile nzito tunayochorea. Siku utakayoamua, uilaze mezani mchana kwenye mwanga, uweke juu yake mkono wa kulia, ukiwa umeshika brashi vilevile unavyoishika siku zote. Shija auzungushie penseli taratibu, na pale palipokatika afuate palivyo. Mwambie asiongeze kitu.

Ni mimi mwanao,
Minza, binti wa fundi vibao wa Mkuyuni