Matusi Niliyoyafunika

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute umeketi uani na si kitandani, na goti liwe limekuachia kidogo. Je, ile dawa ya kuchua ilifika? Na Bibi bado anagombana na kuku wa jirani? Mimi huku Lubumbashi mwili ni mzima, ila vumbi la kiangazi limenipa mafua, na moyo haujatulia.

Nakuandikia upesi kabla watu wa kwetu Kasongo waliopo huku hawajakupigia simu. Ni kweli, nimemtukana mkurugenzi wangu wa redio, nyumbani kwake, mbele ya wakwe zake. Lakini aliyeniamuru ni mama yake mzazi. Nisikilize kwanza.

Unajua kazi yangu ni kukaa kwenye mitambo. Mwezi uliopita binti wa mtaani kwetu, Nana, aliniletea wimbo wake wa rap. Mama yake anauza nyanya sokoni, na msimamizi wa soko alimwita malaya mbele ya wateja. Nana akamjibu kwa wimbo: "Weye unaita mama yangu malaya, rudia kwenu, uulize mama yako kama alikuzala juu ya ile neno." Niliusikiliza wote, ukanipendeza, nikaurusha mara moja. Kesho yake akina mama wa parokia wakaja kulalamika. Mkurugenzi akaupiga marufuku, akabandika karatasi kwenye mlango wa studio: tusi lolote, la mtu yeyote, lifunikwe kwa mlio.

Haikupita wiki, akaja mgeni wa kipindi cha asubuhi, mheshimiwa mmoja mnene wa sauti. Akasema wanawake wanaopanga bidhaa kando ya barabara ni malaya tu, akarudia mara tatu huku anacheka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Mkurugenzi, nyuma ya kioo, akanitikisia kichwa: acha.

"Ule ni mukubwa, Rama," akaniambia baadaye. "Anafanya tu plaisanterie, ni mizaha."

"Na Nana?"

"Nana? Bale ba rap habana adabu."

Na jioni kipindi kikarudiwa kama kilivyo. Mama, nilikasirika sana.

Siku zile zile mke wa mkurugenzi akajifungua mapacha, mapasa kwa lugha ya huku. Watu wa huku, wakizaliwa mapasa, ni lazima baba na mama watukanwe kwa nyimbo, matusi ya nguoni kabisa, ndiyo baraka ya watoto. Na wanaoongoza ni akina mama wale wale wa parokia, vitenge vimefungwa viunoni, wanacheza kuliko vijana. Mkurugenzi akaniletea sauti za sherehe nizirushe pamoja na tangazo la uzazi. Nikaitazama karatasi ya mlangoni, nikafuata sheria. Nilifunika kila tusi. Wimbo ukabaki tiii, jina la baba, tiii, jina la mama, tiii. Nilicheka peke yangu mle studio. Nakiri mbele yako kwamba nilifanya kusudi.

Asubuhi yake nyanya yao watoto, mama mzazi wa mkurugenzi, akaingia bila hodi.

"Njo weye ulifunika matusi ya mapasa?"

"Mama, ni sheria ya directeur."

"Sheria ya directeur ilizala batoto? Kabange anakatala ziwa tangu jana, saa ile ya redio. Ule mukubwa alitukana ba mama, haukufunika. Ya batoto njo unafunika? Unapenda bafe?"

Kabange ndiye pasa mdogo. Kicheko kiliniishia pale pale. Nilitaka kumkomoa baba, sikuwaza kabisa kuhusu mtoto wa siku tisa.

"Utayarudisha weye mwenyewe," akasema, "na mudomo yako."

Basi nikapelekwa uani kwa mkurugenzi. Mapasa wamepakatwa, akina mama na wakwe zake wamezunguka, na yeye amesimamishwa katikati, amepakwa udongo mweupe mikononi. Kwa desturi hana ruhusa ya kukasirika. Nyanya akanisukuma: tukana! Matusi ya nguoni siyawezi, unajua ulivyotulea. Neno pekee lililonijia lilikuwa la Nana. Nikamwimbia yeye, macho kwa macho: weye unaita mama yangu malaya, rudia kwenu. Akina mama wakalidaka, wakapiga makofi, wakaliimba mara nyingi kuliko Nana mwenyewe. Naye akacheza. Ilimbidi acheze, jasho linamtiririka na udongo unamchuruzika.

Mchana Kabange akanyonya. Sijui ni wimbo au ni njaa, namshukuru Mungu.

Jioni mkurugenzi akaniita. "Ile ilikuwa ya mapasa. Kwa redio, apana." Akanisogezea karatasi: niandike kwamba Nana alinidanganya, nikaurusha wimbo wake bila kuusikia. Nikitia sahihi, Jumatatu narudi kazini, na Nana hatakanyaga redio yoyote ya mji huu. Nisipotia, nibaki nyumbani.

Sikutia, mama. Niko nyumbani. Naogopa, maana sijui nitawatumia nini mwezi ujao.

Nitakuambia kwa nini. Unakumbuka yule mpima chumvi wa soko la Kasongo, siku alipokuita malaya, neno lile lile, na wanaume wote wakacheka? Ulifunga mzigo wako bila kuinua macho. Nilikuwa nyuma yako, nimeshika pindo la kitenge chako. Nami nilicheka pamoja nao. Nimelibeba hilo mpaka leo. Nisamehe.

Mnisalimie Bibi, na bamdogo Salumu fundi wa cherehani, mwambie suruali yake bado inanifaa. Shangazi Mwajuma mpishi wa harusi naye nimemkumbuka sana, pamoja na wali wake. Shemeji dereva aendeshe polepole.

Na wewe mdogo wangu Sifa, unayemsomea mama barua hii: kama pale pa mpima chumvi umeliruka neno, rudi. Mama analijua. Msomee lilivyo, na pale nilipocheka pia.

Mwanao, anayekungoja useme,
Ramazani