Hulda na Tangazo la Komanda

Jumatatu, 5 Machi 2001

Ukungu hadi saa nne. Nimepalilia maharagwe, kisha nikaandaa somo la Jumatano. Kwaresima hii nawafundisha kina mama wa shirika letu la Mususa, hapa Butembo, habari za wanawake manabii. Miriamu na Debora tumemaliza. Sasa ni Hulda. Tangu nibatizwe sijasikia hata padri mmoja akimhubiri. Namshukuru Mungu kwamba macho yangu bado yanasoma herufi ndogo.

Jumatano, 7 Machi

Walikuja wengi licha ya mvua. Nilieleza kwamba mfalme alituma wakubwa watano kwa Hulda, naye hakujipendekeza. Alianza hivi: mwambieni mtu aliyewatuma. "Mtu" kwanza. "Mfalme" lilikuja baadaye. Nilitaka waone mpangilio huo.

Wao waliona jambo jingine, kwamba mume wa Hulda alikuwa mtunza mavazi.

"Donc bibi anasema na bakubwa, bwana anachunga manguo," akasema Masika, ambaye kila "basi" kwake ni "donc".

"Kakule yako anaweza?" akauliza Katungu.

"Kakule? Hata kaptula yake hapana jua fasi iko."

Walicheka sana. Kakule, mume wa Masika, ni seremala. Mumbere, mume wa Katungu, anafanya kazi naye katika karakana iliyo ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yangu.

Ijumaa, 9 Machi

Askari wamewachukua Kakule na Mumbere. Mchana kweupe. Gari lililojaa magunia lilisimama mbele ya karakana, wakaamriwa kupanda. Wachukuzi wa kulazimishwa, kama kawaida ya waasi wanaotutawala. Kakule alikuwa bado na penseli sikioni. Gari lilishika njia ya Beni. Masika alilifuata mbio hadi akaanguka.

Nilikuwa mlangoni. Niliona yote. Sikusema neno. Niliogopa.

Jumapili, 11 Machi

Nilisoma matangazo ya parokia kama kila Jumapili. Ndoa, usafi wa kanisa, mkutano wa vijana. Hakuna habari za wale wawili. Masika na Katungu wametoka bureau, ofisi ya komanda wa waasi. Waliambiwa majina hayo hayajulikani.

Jumanne, 13 Machi

Askari ameniletea karatasi. Komanda si mtu wa huku, na anataka tangazo lake lisomwe kanisani kwa Kiswahili safi. Ameambiwa kwamba mimi nilifundisha sarufi maisha yangu yote. Nisahihishe, kisha nisome Jumapili.

"Noki-noki, mama," askari akasema, maana yake niharakishe.

Tangazo linasema Kakule na Mumbere wamepotea. Wamejiunga na adui porini. Atakayewaona aripoti, na nyumba zao zitatwaliwa.

Nikaketi kusahihisha. Upatanisho wa ngeli mbovu, koma hakuna, herufi kubwa ovyo. Nilipomaliza lilikuwa Kiswahili safi kabisa. Na uongo mtupu. Likisomwa, wale wanaume ni maadui. Hata wakitoroka hawataweza kurudi nyumbani, maana askari yeyote atakayekutana nao njiani atawapiga risasi.

Kitenzi ndicho kinachonisumbua. Anayepotea ni yule asiyejua njia. Hawa walichukuliwa.

Jumatano, 14 Machi

Somo halikuendelea. Masika aliniuliza mbele ya wote.

"Mwalimu, ile karatasi, utaisoma?"

"Muache asome," akasema Katungu. "Bwana zetu biko mu mikono yabo. Ukibakasirisha, ni Mumbere atalipa."

"Wakisema ni adui, atalipa vilevile."

"Weye Masika, kinywa yako ni kama redio. Haina bouton ya kuzima."

Hakuna aliyecheka. Wote wawili wananitazama, na kila mmoja ana haki. Nikasema tusali. Ilikuwa njia ya kukwepa, na walijua. Katungu alilia rozari nzima.

Hofu ya Katungu si ujinga. Nimeifikiri siku nzima. Mtu aliye mikononi mwao anaweza kuuawa kwa sababu ya sentensi yangu. Lakini mtu asiyejulikana kuwa mikononi mwao huuawa bila yeyote kuulizwa.

Ijumaa, 16 Machi

Nimekwenda kwa padri. Kijana mpole, mwenyeji wa Kayna. Alisema yuko tayari kusoma mwenyewe ili mimi nisipate matatizo. Nikakataa. Karatasi ililetwa kwangu.

"Utabadilisha nini, Maman?"

"Kitenzi. Na mtenda awepo."

"Donc ni sarufi tu."

"Ni sarufi tu, Padri."

Akanibariki.

Jumapili, 18 Machi

Nimesoma. Naandika upesi, maana askari wananingoja nje wanipeleke bureau.

Nilisema: mtu aliyetuma tangazo hili aliomba lisahihishwe, nami nimelisahihisha. Kisha: Kakule na Mumbere wa Mususa hawakupotea. Walichukuliwa na askari mbele ya karakana yao, mchana, wakapelekwa Beni kubeba mizigo. Hawakujiunga na yeyote. Wake zao wanawangoja.

Halafu Masika akasimama. Halafu muuza sabuni, halafu wengine walioona lile gari. Katungu alibaki ameketi, ameficha uso katika kitenge.

Jumatatu, 19 Machi

Nimerudi nyumbani salama. Asante, Mungu wangu.

Komanda aliuliza ni nani aliyegeuza maneno yake. Nikamjibu kwamba aliomba masahihisho. Nikaeleza tofauti ya kupotea na kuchukuliwa, kama ninavyoeleza darasani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu aliyenitumia karatasi."

Nje kina mama wa shirika walikuwa wameketi chini, katika matope, wakiimba polepole. Wafanyabiashara Waislamu wa barabarani walifunga maduka wakaja kusimama nao. Jioni komanda akasema nirudi nyumbani, ila nisisome tena kanisani. Hilo linaniuma. Nimelipenda lile jukwaa kupita kiasi, labda.

Jumamosi, 24 Machi

Kakule amerudi. Bega limevimba, amekonda, yu hai. Amekuja na lori la Baba Idi, Mwislamu anayesafirisha mizigo kati ya Beni na hapa. Baba Idi amekataa nauli. Anasema habari za kanisani zilifika Beni kwa malori, na Beni nzima ilikuwa ikiuliza habari za maseremala wa Mususa, kwa majina, hata wakubwa wa depo ya mizigo alimofungiwa wakachoka kuulizwa, wakamfungulia Kakule mlango.

Mumbere hakuja. Alishikwa na homa, wakamwacha hospitali. Kakule hajui zaidi.

Nimefurahi, na sithubutu kupita mbele ya nyumba ya Katungu.

Jumapili, 25 Machi

Nimeketi benchi la nyuma. Katungu akaja, akaketi karibu nami. Hakunisalimu. Baada ya misa akasema, "Baba Idi anaenda kesho. Mimi peke yangu naogopa." Nitakwenda naye.

Alhamisi, 29 Machi, Beni

Joto. Tumempata Mumbere wodi ya mwisho, mkekani. Homa imeshuka. Mlangoni kuna askari, na jana aliandika majina ya wagonjwa. Alipofika kwetu akauliza huyu ni nani, amepotea wapi.

Nilifungua kinywa. Katungu akaniwahi. Hakupaza sauti, wala hakuacha kukoroga uji.

"Hakupotea. Ni bwana yangu. Mulimubeba Butembo kwa nguvu, mchana, bantu banaona. Andika ivyo."

Askari alimtazama kidogo. Akaandika. Akapita kwa mgonjwa mwingine.

Leo asubuhi Mumbere ameketi mwenyewe. Amekunywa uji wote, akaomba mwingine.