Kishikio cha Mjusi

Jumatatu, 3 Machi

Jaribio kubwa limeanza. Kishikio, mpini wa mtu kujishikilia, kimebandikwa kwenye ule ukuta mfupi wa vigae tuliojenga pembeni mwa maabara, na ndoo ya mchanga, kilo ishirini, imening'inia. Hakuna msumari. Hakuna gundi. Ni utepe tu — mpira wa kijivu wenye vinywele visivyoonekana kwa macho, kama vya nyayo za mjusi. Miaka minne tunamchungulia mjusi miguuni, na yeye hajatuuliza tunatafuta nini.

Profesa anataka ndoo ikae siku saba. Kuilinda ni kazi yangu mimi, fundi wa maabara. Kila asubuhi naandika daftarini "imeshika" na kutia saini. Ikianguka naandika saa na sababu. Hakuna kuigusa! Bwana Kanuni — mhandisi wetu, jina nimempa mimi na mwenyewe halijui — amerudia mara tatu. Hakuna kuigusa, na hakuna chai ndani ya maabara. Hapo akanitazama mimi.

Birika langu la umeme liko nyuma ya ule ule ukuta. Soketi nyingine zote zimejaa mashine. Sasa mtu anayefika saa kumi na mbili na nusu kulisha mijusi nyenje, chai akanywee wapi?

Jumatano, 5 Machi

Imeshika. Mijusi wameshiba. Shangazi kapiga simu: nyonga inamsumbua, na jirani kamnyanyua tena bafuni. Alilitaja haraka haraka, kisha akahamia kwenye bei ya nyuzi.

Ijumaa, 7 Machi

Kishindo!

Nilikuwa chumba cha pili namsaka mjusi aliyetoroka sandukuni. Kurudi — mchanga mpaka chini ya meza, kishikio chali sakafuni, na birika linachemka tu. Kifuniko hakikufunga vizuri, na likiwa wazi halijizimi. Mvuke ulikuwa umevuka ukuta, vigae vinatiririka jasho.

Saa moja na dakika kumi. Bwana Kanuni hufika saa mbili. Nikafagia. Nikafuta vigae, nikabandika kishikio upya, nikajaza ndoo, nikaitundika. Birika nikalitia kwenye mkoba likiwa bado la moto, likanichoma paja. Daftarini nikaandika "Imeshika." Sijawahi kutia saini nzuri namna ile.

Nimejiambia utepe hauna kosa, kosa ni la birika. Kwa nini niharibu kazi ya watu kwa ajili ya kikombe changu cha chai? Jibu zuri tu. Lakini Bwana Kanuni alipoingia na kunisalimia sikuweza kumtazama usoni. Nikajifanya nahesabu nyenje.

Jumatatu, 10 Machi

Siku saba zimetimia. Makofi! Profesa kaishika ile ndoo kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Vishikio vinne vya kwanza vinaenda kwenye mabafu ya wazee, kwa majaribio. Cha kwanza, akasema, kinaenda kwa shangazi yake huyu, maana ndiye aliyeilinda ndoo. Wote wakanigeukia, wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Najipigia makofi mwenyewe, mwizi mimi.

Kisha akanionyesha ripoti. Jina langu limo, la nne kutoka juu. Miaka tisa niko hapa, na sijaona fundi akiandikwa jina kwenye ripoti. Ningefungua mdomo pale pale. Sikufungua. Nilikuwa nalisoma jina langu mara ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Nimekifunga kwa shangazi. Yeye ndiye aliyenilea, kwa cherehani yake na ulimi wake. Kastaafu cherehani tu. Alisimama mlangoni na futi ya kitambaa shingoni, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kishikio, akaniambia nishushe kidogo, yeye si twiga. Majirani wawili walikuja kuona. Akawatangazia kwamba hiki kitu kimetengenezwa na mtoto wake. Nikatazama chini.

Akaniuliza: umekijaribu mwenyewe?

Nimekijaribu, shangazi.

Halafu akachukua maji yake ya kuoga. Ya moto! Ndoo nzima inafuka, kwa sababu ya nyonga. Dirisha la bafuni ni dogo na halifunguki. Kioo kikapotea kwa ukungu hapo hapo.

Sikuwa nimefikiria. Naapa. Kishikio cha bafuni, na mimi nimeuficha mvuke! Lile birika halikuharibu jaribio. Lile birika ndilo lilikuwa jaribio lenyewe.

Nikamwambia aoge maji baridi siku chache. "Mimi? Na nyonga hii?" Nikamwambia basi asikishike kwanza, gundi haijakauka. Akaniangalia.

"Si ulisema hakina gundi?"

Nikacheka. Kicheko gani kile! Nikasema nimechoka, nikala kona.

Alhamisi, 13 Machi

Shangazi kapiga simu asubuhi, sauti ya msichana. Kaoga mwenyewe! Hakumwita mtu. Anasema mara ya mwisho jirani alipomnyanyua, yeye alifumba macho ili asijione. Sasa basi, yamekwisha.

Nikamwambia vizuri sana, shangazi. Nikakata simu, nikaingia stoo kulia. Leo kimemshika. Kesho je?

Ijumaa, 14 Machi

Nimefika mapema. Ukuta ule ule, kishikio kipya, ndoo ile ile. Birika chini yake, kifuniko wazi. Nikasimama na saa mkononi.

Dakika kumi na moja. Puu!

Nikarudia. Dakika tisa.

Saa tatu nikaenda mlangoni kwa Profesa. Alikuwa kwenye simu, akaniashiria niketi. Kumbe vishikio vyote vimeshafungwa tangu jana. Kimoja kwa mwalimu mstaafu asiyeona vizuri, kimoja kwa bibi anayeishi peke yake. Na cha nne? Cha nne kwa mama yake Profesa. Amekifunga kwa mkono wake. Mama kafurahi, yeye huoga kila jioni saa kumi na moja, na jana alipotoka akawaombea dua wote tuliohusika.

Akaweka simu chini, akauliza nilikuwa nataka nini.

Nikasema nyenje wameisha.

Nyenje! Mtu mzima, ninavaa miwani, nina funguo za maabara. Nyenje! Akatoa kalamu akaandika tutaagiza wengine. Akanishukuru kwa kuwa makini.

Jumamosi, 15 Machi

Sijala. Nimeandika barua tatu, zote zinaanza na "Samahani kwa usumbufu." Usumbufu gani? Sema uwongo. Nimezichana.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa shangazi asubuhi na bisibisi mkobani. Bisibisi ya nini, kitu chenyewe hakina skrubu? Ndivyo akili zangu zilivyo siku hizi. Nilitaka kukibandua yeye akiwa jikoni, niseme kinaenda kufanyiwa marekebisho. Akanikuta nimekikamata.

"Kiache," akasema. "Hicho ni mguu wangu."

Nikaketi kwenye ukingo wa sinki la kufulia, nikamwambia yote. Birika, mchanga, saini, makofi, jina, nyenje. Sikumtazama hata mara moja. Nilikuwa naongea na ndala zake.

Kisha akauliza taratibu:

"Kwa hiyo siku zote hizi mimi ndiyo nimekuwa ndoo?"

Laiti angenipiga. Utotoni alinipiga kwa kukata kitambaa cha mteja vibaya, na sikuwahi kujisikia hivi. Nikasema ndiyo, shangazi. Akauliza, na wengine je? Nikamtajia. Nilipofika kwa mama yake Profesa, na saa anazooga, akaitazama saa ya ukutani.

Nikadhani ataniambia nipige simu. Hapana! Kasema kwenye simu nitauliza tena habari za nyenje. Kachukua simu yangu, kapiga mwenyewe. Akamwambia Profesa aje na yule mhandisi, kishikio kina jambo wanalopaswa kuliona kwa macho yao, na kabla ya jioni. Tafadhali, mwanangu. Kamwita Profesa mwanangu! Na yeye kaitika.

Halafu akaanza kunipa amri kama enzi za cherehani. Stuli iende bafuni, na birika lake la umeme juu ya stuli. Waya mrefu utoke kwenye soketi ya cherehani. Ndoo ijazwe maji, ndoo ya plastiki, itundikwe kwenye kishikio. "Ndoo," akarudia, "si mimi." Nikauliza je, kisipoanguka mbele yao? Akasema basi utawaambia kwa mdomo, mdomo unao. Kisipoanguka utasema, kikianguka utasema. Kuanguka kwake ni kuwasaidia kuamini tu.

Sasa ni saa kumi kasorobo. Naandika jikoni, daftari liko juu ya friji. Wameshafika. Namsikia Profesa sebuleni akicheka, anauliza nyonga, amebeba na matunda. Anadhani ameitwa kushukuriwa. Bwana Kanuni namsikia akivuta kiti. Shangazi anawaambia wasubiri, mtoto anaandaa maji.

"Ya chai?" Profesa kauliza.

Naandika haraka, mwandiko huu kesho sitausoma. Natamani sakafu ipasuke. Nimefikiria hata mlango wa nyuma — uko wazi, hatua nne tu. Lakini mama yule anaoga saa kumi na moja.

Shangazi ananiita. Kwa jina langu lote, kama lilivyo kwenye ripoti.

Nimelijaza birika mpaka juu. Kifuniko nimekiacha wazi.