Beseni Tupu

Dunga, Jumamosi jioni, 1972

Bado siamini. Mvua ilinyesha ghafla nikiwa kliniki na mtoto, na omena yangu yote, dagaa wa ziwani ninaowauza, ilikuwa imeanikwa ufukweni. Nilikimbia njia nzima nikilia, kwa maana omena ikiloa inaoza.

Nikaikuta kavu ndani ya beseni la jirani yangu, Mama Otieno. Yake mwenyewe ilikuwa bado nje, inanyeshewa.

Mama Otieno! Yule niliyemwita mwizi wa kuni wiki iliyopita, mbele ya wanawake wote pale bombani, na kuni zenyewe zikaonekana nyuma ya jiko langu. Sikuwa nimemwomba msamaha. Niliona haya.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, basi nikalirudisha beseni na nusu ya omena. Akaangalia, akacheka.

"Mama Akinyi, sasa unanilipa mvua?"

"Mama Otieno, nilikukosea sana."

"Najua. Hata bomba linajua." Akaimimina omena yote kwenye kikapu changu. "Leo beseni langu litarudi tupu. Keti tunywe chai."

Kumbe kupokea ni kugumu hivi! Nilitaka kukimbia. Nikakaa, nikanywa.

Miaka yote mchungaji akihubiri neema naitikia amina, huku moyoni natafuta cha kumpelekea Mungu ili anikubali. Na yeye, kama Mama Otieno, alikwisha kunianulia kabla sijatubu...

Mtoto amelala. Nimepiga magoti, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza sioni haya.