Kampuni Iliyokuja Kutusaidia Kuhesabu Mwezi

Wete, Jumanne. Mvua inanyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Mimi nimechoka.

Tarehe ya mwezi siandiki leo. Kila nikitaka kuiandika hasira zinanipanda, na sababu nitaieleza hapa hapa, maana nikimweleza mtu kwa mdomo yatanitoka maneno ambayo mwalimu wa skuli hapaswi kuyatamka.

Jana mchana Bi Time alinipigia simu kutoka Fundo. Ni kiongozi wa kikundi cha akina mama wa mwani kule kisiwani. Siku zote salamu zake ni ndefu: ataniuliza mimi, mume wangu, watoto, wanafunzi wangu, hata paka. Jana hakumuuliza hata mmoja.

"Mwalimu, hino simu yenu imenifanya mwongo mbele ya watu," akasema.

Kwa asiyejua, "simu yetu" ni Bamvua, kwa jina la zile siku za mwezi ambazo maji hujaa na kukauka sana. Ni programu huria, yaani msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuubadilisha bila kutuomba ruhusa. Tuliianza mimi na Haji, mwenzangu wa Wambaa niliyesoma naye chuo. Baadaye wakajiunga watu wa kujitolea kutoka Tanga, Lamu na kwengine, wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho. Kila siku baada ya Magharibi, Bamvua inawatumia viongozi wa vikundi ujumbe mfupi: kesho mwezi ngapi, maji yatakauka saa ngapi, yatarudi saa ngapi. Simu yoyote inaupokea, hata ile ya tochi.

Ndani yake kulikuwa na kitu tulichokiita mwandamo. Kila mtu wa huku anajua kwamba mwezi hatuuanzi sote siku moja. Kijiji hiki kitafuata uliotangazwa mbali, cha jirani kitasubiri uonekane kwa macho ya watu wake. Sisi hatukutaka kujifanya makadhi wa mtu. Kiongozi akituma neno kwamba kwao mwezi umeandama, programu ilianza kumhesabia moja, yeye na kikundi chake. Maji yanafuata mwezi wa mbinguni na hayo hayabishani na mtu. Lakini watu wanapangiana kazi kwa mwezi wa kijijini.

Toleo jipya limekiondoa. Kalenda imekuwa moja kwa wote, na Fundo wamejikuta wanahesabiwa siku moja mbele ya wanavyohesabu wenyewe.

Kikundi cha Bi Time huvuna kwa kusaidiana, leo shamba la huyu, bamvua jengine shamba la yule, wote pamoja. Zamu hii ilikuwa ya Mwanaidi na walikubaliana mwezi kumi na saba. Jumapili, Bi Time aliangalia ujumbe, akaona kumi na saba, akapita anawahimiza aliowakuta. Kwa miaka yote simu haikuwahi kupishana na kijiji, kwa nini aishuku? Nusu wakashuka pwani. Nusu ya pili walikuwa majumbani kwao, wanajua ni kumi na sita. Walioshuka hawakutosha, kamba zinazoota mwani zilikuwa nzito, maji yakarudi hawajafika popote. Usiku upepo ukavuma. Jana hao wengine waliposhuka walikuta sehemu kubwa ya mwani wa Mwanaidi imekatika na kuchukuliwa.

Mwani utaota tena. Sicho kilichomliza Bi Time.

Mpemba mwenzangu unayenisoma, unajua tulipotoka. Unajua miaka ile vyama vingi vya siasa vilipokuja, watu walivyokuwa hawazikani, hawanunui kwenye duka la mtu wa upande wa pili, ndugu anampita ndugu yake njiani kama anapita mti. Kikundi cha mwani cha Fundo kilikuwa mahali pa kwanza ambapo akina mama wa pande zote mbili walirudi kushika kamba moja. Jana waliokuwa wamebaki nyumbani wameambiwa walifanya makusudi, kwa sababu Mwanaidi ni wa upande ule. Nao wakajibu kwamba Bi Time aliwaita watu wake tu. Majina ya vyama yakatajwa pale pale pwani. Bi Time anasema hajayasikia yakitajwa hivyo kwa muda mrefu sana.

Na yote hayo ni kwa sababu mtu aliyekaa ofisini Dar ameona mwandamo unamchafulia msimbo.

Naandika "mtu" kama kwamba simjui. Ni Haji.

Kampuni iliyomweka hapo ni ya Dar, inatengeneza mfumo wa wanunuzi wa mwani. Ilipokuja kwetu ilikuja na adabu zote. Walianza kwa kurekebisha makosa tuliyoyalalia kwa miezi. Wakatoa seva. Wakabeba gharama ya ujumbe wote. Kisha wakamwajiri Haji, na kazi yake waliyompa ni Bamvua, basi, hakuna nyengine. Nilipiga vigelegele. Humu humu kwenye blogu niliandika sifa zao kurasa nzima. Ukirudi nyuma utazikuta, sijazifuta, ingawa leo asubuhi mkono uliniwasha.

Swali ambalo sikujiuliza siku ile ni dogo tu. Kampuni inayotafuta faida inatafuta nini kwenye kazi ya bure?

Leo nimekuwa na siku nzima ya kujiuliza. Wanaitumia Bamvua ndani ya mfumo wao, ili wanunuzi wajue lini mwani utavunwa na wapi. Wangeandika ya kwao wangeitunza peke yao, huku kwetu kuna bwana wa Lamu anarekebisha bure baada ya kazi zake. Wangeichukua na kuibadilisha kimya kimya, kila tukitoa toleo jipya wangeanza upya kuyapachika mabadiliko yao. Kwa hiyo ni nafuu kwao kuyaleta nyumbani kwetu tuyabebe sote. Na mtu wao akiwa ndani, wanajua mapema programu inaelekea wapi. Vijana wanaojua kuandika msimbo nao wanaona jina la kampuni, wanaomba kazi.

Ni kama ile njia ya mtaani kwetu tuliyoichimba kwa kujitolea. Alikuja mfanyabiashara mmoja na gari la kokoto, tukamshangilia, na njia ikamalizikia mlangoni pa ghala lake. Sote tunaipita na ni njia nzuri. Wa upande wa kisimani bado wanakanyaga tope.

Hakuna wizi hapo. Hakuna hata udanganyifu. Ndiyo maana najisikia kuumwa hivi, sina wa kumshitaki!

Hata sheria yetu wameifuata. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba badiliko haliingii mpaka mtu wa pili alisome na kuliridhia. Zamani Haji akiandika, wa pili ni mimi, na nikiandika mimi, wa pili ni yeye. Hili la kuondoa mwandamo kaliandika Haji, kaliridhia mwenzake wa meza ya pili ofisini. Watu wawili, kama sheria inavyotaka. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani ya kidato cha pili.

Na vikao! Zamani tulikutana mtandaoni baada ya Isha, kwa sababu kila mmoja ana kazi yake ya mchana. Tangu kampuni iingie, vikao ni saa tano asubuhi, wakati wao wako kazini. Bwana wa Lamu hahudhurii tena. Mimi huwaachia wanafunzi zoezi nikakimbilia chumba cha walimu.

Leo baada ya kipindi cha mwisho nilimpigia Haji. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimeyapanga maneno kama karatasi za mtihani. Aliniamkia kwa heshima ile ile ya siku zote, na hilo likazidi kunikera.

"Dada, mwandamo ulikuwa mzigo," akasema. "Kila tukigusa kalenda, unavunjika. Na wanaoutumia ni vikundi vichache vya huko huko kwetu."

Huko huko kwetu. Nikamuuliza kama anakumbuka nani aliuandika. Aliuandika yeye, kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa akilima mwani Wambaa na kumlalamikia kwamba programu yake haijui mwezi.



"Mama kaacha mwani, Dada. Tangu nipate kazi hii nimemtoa majini. Miguu yake si unaijua ilivyokuwa."

Naijua. Niliwahi kuiona siku ya harusi ya Haji, imechanwachanwa na matumbawe, amepaka hina kuificha na haikufichika. Nimwambie nini mtu kama huyo? Arudishe mshahara, mama arudi baharini ili aukumbuke mwandamo?

Nilikata simu nikalia. Naandika wazi, nililia, na sikuwa na hakika namlilia nani.

Baadaye nikaosha uso nikakaa kwenye kompyuta. Nimeuandika mwandamo upya, safari hii umejitenga na kalenda yao, hawatavunjikiwa na kitu. Imenichukua mpaka jioni na chakula kimeungua. Sasa badiliko langu linasubiri mtu wa pili, na wanaoridhia mabadiliko siku hizi ni Haji na mwenzake tu. Haji ameandika kwamba yeye binafsi hana neno, lakini lazima lijadiliwe kwenye kikao cha kesho, saa tano, kwa sababu kampuni haitaki kubeba tena kitu isichokitumia.

Saa tano kesho ndipo Fundo wanaposhuka pwani. Nilipoomba kikao kisogezwe mpaka baada ya Alasiri, nikajibiwa kwamba saa hizo watu wanafunga ofisi.

Kwanza nilikasirika. Kisha nikaona kwamba tangu tuianze Bamvua, hata sisi tulipokuwa wawili tu, hatujawahi kumwita kikaoni hata mama mmoja wa mwani. Tuliwasemea. Haji alimsemea mama yake, na mama alipotoka majini, sauti ikatoka naye. Kampuni imemleta mtu wake kila kikao bila kukosa. Huo ndio ujanja wao wote, kuwepo.

Nimemwomba ruhusa mwalimu mkuu. Nimempigia Bi Time, nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamwambia kesho nakuja Fundo na simu yenye kamera, na kikao nitakifungulia pwani, wao wakiwa na kamba mikononi. Nilimwomba awaite wote, na waliokasirika hasa. Akaguna.

"Watakuja kukusuta, Mwalimu. Wengine wataja kunisuta miye."

"Waje tu," nikamwambia.

Sijui kama watakuja. Sijui kama mtandao utashika kule, wala kama mtu wa Dar atakuwa na subira ya kuwasikiliza watu wanaosema wote kwa pamoja huku upepo unapiga. Inawezekana mwandamo ukakataliwa mbele yao, na nikarudi Wete nimelowa bure. Ikiwa hivyo, nitauchukua msimbo wote niuendeleze pembeni, bila seva ya mtu, na ujumbe nitautuma kwa mkono wangu mpaka vidole viote sugu.

Nimemwandikia Haji kwamba kesho upande wangu sitakuwa peke yangu, nitakuwa na watu, wapewe nafasi ya kusema. Amejibu papo hapo, akitaka kujua hao wageni wanatoka kampuni gani.

Nimeandika jibu kali nikalifuta. Nikaandika la pili, hilo nimelituma.

"Si wageni, Haji. Ndio tuliokuwa tukiwaandikia Bamvua."